Sifa Nilizoandika Bila Kusikiliza

Ami,

Ngoja nianze na hasira, maana nikianza na salamu nitalia na barua haitaisha.

Nina hasira na wewe. Presha ulikuwa nayo na dawa ulikuwa nazo. Kila nikikuuliza mbona unashika ukuta ukisimama, unaniambia, "Uchovu tu, Mangi, nimelala vibaya." Mke wako, Mama Neema, alinionyesha vile vidonge tulipomaliza kukuzika. Vilikuwa kwenye droo ya nyaya, pakiti hazijafunguliwa. Hazijafunguliwa, Ami! Wewe uliyekuwa hukubali wimbo wa mtu uachwe katikati, hata uwe mbovu namna gani, umeshindwa kumeza kidonge asubuhi. Akaniuliza, "Shemeji, na wewe ulikuwa hujui?" Nikasema sikujua. Alinitazama kama vile sote wawili tulimdanganya.

Tumekulaza kule juu kwa baba yako, kwenye migomba. Machalii wa muziki, wale vijana wako, walikuja wengi, wamevaa tisheti zenye picha yako, ile umefumba jicho moja. Walilia kwa sauti. Nilikuwa nawaangalia mmoja mmoja na kujiambia, huyu alikutukana mtandaoni, huyu hakusoma hata jibu ulilomwandikia, huyu alisema jarida letu ni la wazee wenye wivu. Leo wote wanakuita baba.

Na mimi uliniacha na jarida letu la mtandaoni la kuhakiki nyimbo. Mimi muuza rangi wa Ngarenaro, elimu yangu kidato cha nne na cha kubahatisha. Ulikuja dukani kununua nyeupe ya dari ukanikuta nabishana na redio. Ukasema, "Mangi, wewe una masikio, njoo tuandike." Mimi nikaona utani. Kumbe siku ile ulishaniingiza kazini. Kazi isiyo na mshahara, kwenye kachumba nyuma ya duka lako la umeme pale Kijenge, kompyuta moja na viti viwili, kimoja kimevunjika mgongo.

Taratibu zako nazikumbuka zote, ndiyo maana nakosa hata pa kujificha. Wimbo ukitumwa unasikilizwa mpaka mwisho. Kwanza kwa spika za masikioni, halafu kwa simu tupu, kwa sababu ulisema watu wetu wanasikilizia kwenye simu. Maelezo ya msanii yanasomwa baadaye, usije ukasikia alichokuambia badala ya alichoimba. Ukimjua msanii, humwandikii, unampa mwenzako. Wimbo mbaya hautangazwi kwamba ni mbaya, mwenyewe anaandikiwa pembeni aambiwe nini arekebishe. Na kila mtu anajibiwa. Kila mtu. Ulikuwa unasema, "Mtu ametuma kitu ametengeneza kwa mikono yake, halafu wewe unamnyamazia? Si bora umtukane?"

Sasa nikueleze nilichofanya.

Hukumaliza hata wiki kaburini, nyimbo zikaanza kuingia. Nyimbo za kukuenzi. "Nenda Salama Anko Ami." "Pengo Halizibiki." Mmoja ameweka mpaka kilio cha kweli alichorekodi pale pale kaburini kwako, nadhani ni cha dada yako. Kila aliyekuwa amekataliwa na wewe akarudi na wimbo wa jina lako. "Mangi, tupia rivyu basi, hii ni kwa ajili ya kaka yetu." Nitamwambia nani kwamba ni mbaya? Nitamwandikia pembeni kwamba arekebishe anavyokulilia?

Nilifungua wa kwanza. Nilisikia jina lako linaimbwa kwa ile sauti iliyopitishwa kwenye mashine mpaka imekuwa kama bati. Nikazima. Sikuweza, Ami. Huo ndio ukweli, na wala sijitetei. Niliuzima, nikasoma maelezo ya msanii, nikaandika sifa kutoka kwenye maelezo. "Sauti iliyokomaa. Ujumbe unaogusa. Ala zimepangwa kwa utulivu." Nikapandisha kwenye jarida. Watu wakashukuru. Na wa pili nikafanya vile vile. Na wa tatu. Nikazoea. Baadaye hata nyimbo ambazo hazikuwa za msiba nikawa naandika hivyo hivyo, maana ni rahisi jamani, ni rahisi mno, wala hakuna anayekasirika. Kila mtu ana sauti iliyokomaa. Mkoa mzima umekomaa.

Ndipo akatuma Nembris.

Unamkumbuka, yule binti anayesuka nywele pale Ngarenaro, ulikuwa unamrudishia wimbo wake kila mara. Ubeti wa pili ukate. Pumzi inasikika, rudi ukarekodi. Alikuwa anakasirika, anaondoka anabamiza mlango, halafu anarudi. Ulisema siku moja, "Huyu akitulia, sisi tutakuwa tunaringa kwamba tulimsikia kwanza." Basi alitulia. Alirekebisha kila kitu ulichomwambia. Akanitumia maelezo mazuri na picha. Na faili akakosea.

Faili lenyewe lilikuwa sauti aliyomrekodi mama yake nyumbani, kwa utani tu, anamgombeza fundi bomba. Siyo wimbo. Ni mama anafoka. "We fundi, hili bomba umelifunga kwa mate? Maji yanaingia mpaka kwenye unga! Hebu nipe hiyo spana, toka hapo!" Na jogoo anawika nyuma.

Nikaandika, "Sauti iliyokomaa. Ujumbe unaogusa. Ala zimepangwa kwa utulivu." Nikalibandika faili hapo chini ili watu wasikilize.

Wakasikiliza, Ami. Mji mzima ulisikiliza. Mpaka jioni ile sauti ilikuwa kwenye kila simu, wamekwishaiwekea biti na watoto wanacheza. Machalii wakawa wanapita dukani makusudi. "Mangi, spana ipo?" "Mangi, albamu ya bomba inatoka lini?" "Mzee, jogoo ndiye prodyuza, eti? Ametulia kweli!" Mteja mmoja, mtu mzima, ameshika kopo la rangi mkononi, akaniuliza kama hii nayo imekomaa. Niliwafukuza. Nilimtupia mmoja brashi. Hasira niliyokuwa nayo ungeona ungecheka, na mimi ningekupiga.

Hapo bado nilikuwa na nafasi. Ningeandika mstari mmoja tu: samahani, sikusikiliza. Kungekuwa na kicheko kidogo, kikapita.

Sikuandika hivyo. Niliandika kwamba msanii alituma wimbo, ukahakikiwa, halafu akabadilisha faili baadaye ili apate kiki, azungumzwe mjini. Niliandika kwamba jarida linasikitishwa na udanganyifu huo. Nimetumia neno hilo. Udanganyifu. Nikaweka na jina lake, na chini yake nikaandika "Wahariri", kama vile na wewe upo. Nilikuweka na wewe kwenye uongo wangu, umelala.

Watu waliniamini. Hicho ndicho kinanitia kichaa. Waliniamini kwa sababu ya jina ulilolijenga wewe kwa kusikiliza mavi yote yale mpaka mwisho, nisamehe lugha. Wakamgeukia yeye. Kulikuwa na tamasha la vijana ukumbini kule Themi, alishapangiwa kuimba. Wakamtoa. Wakasema hawataki msanii wa kutafuta kiki. Mama yake naye akaacha kwenda kwenye umoja wa kina mama kanisani, maana akifungua mdomo kusali kuna mtu anacheka.

Nembris alikuja dukani. Nilimwona anavuka barabara nikatamani niingie chini ya meza. Akasimama mbele yangu akasema, "Shikamoo anko." Alinipa shikamoo, Ami, na amekasirika vile! Ingekuwa tusi ningejua la kujibu. Nikaitikia marahaba kama mwizi.

Akasema, "Kutuma nilikosea mimi. Hilo ni langu. Lakini wewe hukusikiliza."

Nikaanza kuzungusha maneno. Mtandao, sijui kompyuta, sijui nini.

Akasema, "Anko Ami aliniambia kwenye wimbo wangu kuna mahali nimemeza mate. Mate, anko! Aliyasikia. Wewe hukumsikia mama yangu anagomba, hata jogoo?"

Halafu akauliza pole pole, na hii ndiyo iliyonimaliza, "Kwa hiyo wale wengine wote uliowasifia?"

Akaondoka, na safari hii mlango hakuubamiza.

Ilinichukua siku nyingi kufanya kitu cha dakika chache, hizo siku sitazipamba. Mwishowe niliandika. Nimeandika kwa jina langu, Wilbroad, siyo wahariri. Kwamba binti hakubadilisha chochote. Kwamba mimi ndiye nilidanganya. Kwamba tangu uondoke sijasikiliza wimbo hata mmoja mpaka mwisho, na zile sifa zote nimezifuta kwenye jarida, za nyimbo zako za msiba pia.

Weee! Hapo ndipo nilipojua watu. Simu zilipigwa mpaka betri ikaisha. "Mangi, unamzika kaka yetu mara ya pili?" "Una laana wewe mzee." Mmoja akanibana, "Kwa hiyo unasema wimbo wangu ni mbaya?" Nikamwambia sijui, sijausikiliza. Akatukana zaidi kuliko ningemwambia ni mbaya! Hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyesema basi usikilize sasa. Walitaka zile sifa zirudi, hata baada ya kujua zimetoka wapi. Nikajiuliza wewe ulikuwa unawapendea nini hawa. Nina hasira nao mpaka leo, na najua sina haki.

Wale wa Themi niliwafuata mwenyewe. Nikawaeleza. Kijana mmoja aliyevaa kitambulisho shingoni akasema, "Tumekuelewa mzee, ila ratiba imeshachapwa." Imeshachapwa. Uongo wangu uliwafikia siku moja, na ukweli umekuta ratiba imeshachapwa. Tamasha lilifanyika bila yeye. Nililisikia kwa mbali nikiwa nafunga duka.

Halafu nikaenda saluni kwake. Alikuwa anamsuka mteja, hakuacha kusuka. Nikasema mbele ya wote kwamba nimekuja kuomba radhi, na nikamwomba wimbo wenyewe, ule wa kweli, niusikilize kama ulivyonifundisha, niuandikie ipasavyo. Nilidhani nampa kitu, Ami. Nilikwenda pale kama mtu anayepeleka zawadi.

Akasema, "Kusikiliza utasikiliza. Ila usiandike."

Nikamwuliza, "Hata kama ni mzuri?"

"Hasa kama ni mzuri, anko. Ukiusifia watasema unanilipa. Ukiukosoa watasema una kinyongo. Neno lako kwangu sasa hivi ni uchafu tu. Niache wimbo wangu utembee wenyewe."

Yule mteja akasema chini chini, "Mwambie, dada," na mwenzake akacheka. Nikatoka nje uso unawaka. Nilikuwa na hasira naye njia nzima, mtoto mdogo vile, mpaka nimefika dukani ndiyo nikaona hakuna neno lake hata moja la kulipinga. Uliniachia kitu kimoja tu cha thamani, kwamba nikisema wimbo ni mzuri, mtu anaamini. Hicho ndicho nimekitumia mpaka kimeisha.

Alinitumia wimbo. Safari hii faili lilikuwa lenyewe. Nikavuta mlango wa duka nusu, nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Kwa spika za masikioni kwanza. Halafu kwa simu tupu. Maelezo sikuyasoma.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, kwa sababu alichokataza ni kuutangazia umma, na wewe siyo umma.

Anaanza bila biti. Anapiga kitu kwa vidole, nadhani ni kiti cha plastiki, na anamwimbia kaka yake anayepiga simu akiwa na shida tu. Mwanzoni unacheka, maana anamwigiza huyo kaka anavyouliza habari za nyumbani haraka haraka ili afike kwenye shida yake. Ule ubeti wa pili ameukata, ulikuwa sahihi. Sasa anapita moja kwa moja mpaka pale simu inapoacha kuja, na yeye anagundua kwamba anaimiss hata ile shida. Hapo hapigi kelele. Anashuka chini, karibu aongee. Mate hayasikiki. Biti ikiingia imepanda kidogo juu ya sauti yake, prodyuza alitakiwa ashushe, na kiitikio cha mwisho anakirudia mno, ungemwambia apunguze na angebamiza mlango. Lakini ni wimbo, Ami. Nimeusikiliza mpaka sauti ikaisha ikabaki ile hewa ya chumba alichorekodia, na ile hewa nayo nikaisikiliza.

Hasira yangu kwako haijaisha, usidhani. Ungemeza dawa ungeyasikia haya mwenyewe.

Ila nikuage. Jarida sijalifunga. Nyimbo zinazotumwa ni chache siku hizi, na wanaotuma wengi wananijaribu tu, kuna aliyetuma dakika nzima ya mbuzi. Nilimsikiliza mbuzi mpaka mwisho, nikajibu. Ndiyo ahadi yangu: kila mtu atajibiwa, na nisiposikiliza nitasema sijasikiliza. Sifa sitaandika, sijui kwa muda gani, mpaka neno langu liwe na uzito tena, na kama halitakuwa nao basi nitabaki mtu wa kujibu tu. Na wimbo wa Nembris sitautaja mahali popote. Wakiniuliza nitasema sina ruhusa.

Ni mzuri, Ami. Ni mzuri sana. Lala.

Mangi wako,
Wilbroad