Huyo Bibi wa Kwenye Runinga Ni Mama Yetu

Mdogo wangu Gwakisa,

Salamu nitakupa ukifika. Leo nina hasira, na nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu wewe nawe umetuanika hadharani, nchi nzima inatazama.

Unakumbuka kikaragosi chako cha kwanza ulikitengenezea wapi? Nyuma ya jiko letu hapa Kisondela, mvua haikatiki, hatuna pa kwenda. Kichwa ulikisokota kwa majani makavu ya mgomba, macho ukaweka maharage. Mama alikata pindo la kitenge chake, tena kile cha kanisani, akakifunga kilemba. Ulipoingiza mkono kikawa bibi mwenye maneno mengi, na tulicheka mpaka ndizi zikaungua jikoni.

"Mfundishe adabu huyo bibi," mama akakuambia. "Baba mkwe akipita, ajifiche."

Ndivyo alivyoishi yeye na babu. Akimsikia tu anakohoa, alitoka njiani, akachuchumaa nyuma ya mgomba, kitenge usoni, mpaka mkwe wake apite. Ndiyo heshima aliyofunzwa alipoolewa, na wenzake walipoanza kuiacha, yeye aliishika. Alijivunia sana.

Sasa kila wiki tunamwona kikaragosi wako Bibi Migomba kwenye runinga. Anasikia "Mkwe anapita!", anaruka, anaanguka kwenye matope, nguo zinamvuka, na watu wanaangua kicheko. Watoto wanampenda. Sura yake iko kwenye fulana sokoni Tukuyu, iko kwenye begi la shule la mwanangu mwenyewe. Mwanzoni hata mimi nilitamba. Nilimwambia kila mtu, yule ni mdogo wangu.

Halafu siku moja mama alikuwa anatoka shambani na maparachichi, akakutana njiani na babu mdogo, yule mdogo wake babu. Akafanya alivyozoea. Vijana wa bodaboda walikuwa pale wakisubiri abiria.

"Mkwe anapitaaa! Bibi, ruka!"

Mmoja akatoa simu, akarekodi. Mzee wa watu akainamisha kichwa, akaharakisha kuondoka. Mama alibaki amechuchumaa pale pale, maparachichi yamemwagika, anachekwa na watoto aliowasaidia kuzaliwa.

Baadaye babu mdogo alifariki. Mama hakwenda msibani, Gwakisa. Mama yetu, anayekwenda kwa miguu hadi Masukulu kumlilia mtu aliyemjua kwa jina tu! Nilimsihi, akakataa.

"Wakwe zangu wote watakuwepo," alisema. "Nikijificha, watu watacheka mbele ya maiti. Nisipojificha, nitakuwa nimewatukana. Acha nikae ndani."

Nikaenda peke yangu. Wanawake wakaniuliza mama yuko wapi, nikasema anaumwa. Kuna walioguna. Unajua kwetu kukosa msiba wa mkwe kunamaanisha nini, na unajua watasema nini siku ya kumzika mama: naye hakuja kwetu.

Usiniambie ni sanaa. Usiniambie ni utani, maana utani una watu wake, na mama hukumuuliza kama anataka kutaniwa na nchi nzima. Ungeweza kumpa huyo bibi wako kisa kingine chochote. Ulichukua kile alichokupa mama kwa mkono wake, ukakivua nguo. Nimekasirika hadi nikisikia wimbo wa kipindi chako nazima runinga, na mwanangu analia.

Sasa tunasikia mnakuja kufanya onyesho hapa Tukuyu. Magari ya matangazo yamepita hadi Ibighi. Mama ameyasikia. Juzi alikuwa anamenya ndizi, akaniuliza bila kuinua macho:

"Kumbe siku zile nyuma ya jiko, mwanangu alikuwa ananicheka mimi?"

Sijui jibu lake, na ninaogopa kulijua. Kabla hujapanda hilo jukwaa lako, njoo nyumbani, ukae chini mbele yake, umjibu mwenyewe. Huyo bibi wako umwache garini.

Ni mimi dada yako, ninayeishi na mama.