Kasia la Kumvushia Mama

Kaka Linus,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi, wewe na wifi yangu na watoto wote. Habari za hapo nyumbani? Yule mdogo ameacha kukohoa usiku? Mimi mwili ni mzima, kazi ya wodini naendelea nayo, na mvua ya huku bado ni ileile nyembamba isiyojua kunyesha wala kuacha. Kama ni afya tu ningekuambia sina neno. Lakini neno ninalo, na nimelikalia tangu Jumapili. Leo nimeona heri niliandike, maana nikilinyamazia nitakuja kulitoa mbele ya watu siku nikifika, na hilo halitakupendeza wewe wala mimi.

Unakumbuka nilikuandikia habari za Mzee Walter, yule mjane niliyemuuguza alipovunjika nyonga, anayekaa mtaa huuhuu wangu. Nilikuambia amenipa mtumbwi wake wa kukunja, na kwamba nitakuja nao likizo ya Krismasi. Ukanijibu kwa mstari mmoja tu: "Mtumbwi wa nini, sisi si wavuvi." Nilicheka niliposoma. Nikasema, kaka yangu ni yuleyule. Sasa ngoja nikueleze vizuri, ili ujue ni kitu gani ulichokuwa unakikataa.

Mtumbwi wenyewe ni mifupa ya mbao na ngozi ya turubai na mpira. Ukiufungua unatoshea katika mifuko miwili, unapanda nao treni kama mtu anayehama. Mzee Walter na marehemu mkewe waliuzungusha nchi nzima hivyo, kila kiangazi mto mwingine. Sasa miguu yake haimruhusu. Aliniambia, "Chukua wewe. Mwanangu atauuza kabla sijapoa." Nikauchukua, kaka, na mtu wa kwanza niliyemfikiria ni Mama.

Wewe unajua kwa nini. Tangu yule mzee aliyevusha watu kwa mtumbwi wa gogo alipofariki na watoto wake wakakataa kazi ile, Mama hana njia ya kwenda kwa dada yake. Kutoka jikoni kwake pale mteremkoni alikuwa anauona moshi wa Mama Mkubwa Felistas ng'ambo ya mto Nzoia, upande wa Bungoma. Asubuhi wanaitana, huyu anauliza umeamkaje, yule anajibu. Lakini kumshika mkono, mpaka azunguke hadi darajani, na magoti yake unayajua. Siku mliponisindikiza Kakamega kupanda basi la Nairobi, Mama aliniambia dirishani, "Huko uendako ukiona dawa ya kuvuka maji, uniletee." Watu wote wakacheka, hata wewe. Mimi sikulisahau lile neno.

Basi, mtumbwi nilikuwa nao. Kilichokosekana ni kasia. Makasia ya Mzee Walter yalikuwa yameliwa na wadudu stoo, ukiyashika yanamwaga unga. Akaniambia tutakwenda dukani pamoja, kwa sababu mtu anayesafiri na mtumbwi wa kukunja lazima awe na kasia linalotenguliwa, na makasia ya namna hiyo si yote ya kuaminiwa.

Duka liko ukingoni mwa ziwa, nje ya mji. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mnene, mchangamfu kwa Mzee Walter, na kwangu kama vile nimekuja kufagia. Alimwuliza Mzee, "Huyu bibi anataka kasia la kusafiria?"

"Yuko hapo," Mzee Walter akasema. "Ana masikio."

Akanigeukia. "Kwenu kuna mito?"

"Upo mmoja," nikamjibu. "Wakati wa mvua rangi yake ni ya chai ya maziwa, na unabeba miti mizima."

Hakuniamini, lakini aliacha kutabasamu. Akaniletea kasia la bati jepesi, lenye bapa pande zote mbili, la vipande vinne. Akalitengua mbele yangu, vipande vikaingia kwenye mfuko usiozidi urefu wa mkono. Kaka, nililipenda mara moja. Nililiona tayari likiwa ndani ya sanduku kwenye ndege, halafu kwenye basi mpaka Kakamega, halafu nyuma ya baiskeli ya mtu mpaka Matungu, hakuna wa kuniuliza nimebeba nini. Nikawa nimeshasema nalitaka.

Mzee Walter akasema, "Kwanza lioge."

Muuzaji akatupa mtumbwi wa dukani nijaribie. Mzee akaketi kwenye benchi na chupa yake ya chai, akawa ananipigia kelele za kunielekeza kama alivyokuwa akinifundisha tangu majira ya kuchipua. Nilipovuta polepole kasia lilikuwa tamu. Nilipovuta kwa nguvu, kama mtu anayeshindana na mkondo, nikaanza kusikia viungio vinacheza. Kila kimoja kidogo tu, lakini vikicheza vyote kwa pamoja bapa linapinda majini, na mtumbwi unakwenda usikokutaka. Nikarudi ukingoni. Mzee Walter alichukua konzi ya tope na mchanga wa ukingoni, akakipaka kiungio, akamwambia muuzaji, "Haya, litengue."

Muuzaji alisokota mpaka shingo ikawa nyekundu. Bati lilikuwa limeng'ang'ania bati. Nikafikiria nimekwama nalo pale kwetu ukingoni, au vibaya zaidi, limejifungua lenyewe katikati ya mto, Mama ameketi mbele yangu na kitambaa chake cha kanisani kichwani.

La pili lilikuwa la mbao, vipande viwili tu, na pale katikati pana bomba la shaba. Zito kidogo. Tulilipaka tope lilelile, nikalifuta kwa upindo wa gauni, likafunguka. Mzee Walter alinikalisha chini nikalishika juu ya magoti, akapima na upana wa mtumbwi wangu, akasema lazima liwe refu, kwa sababu mtumbwi ni mpana na kasia fupi litanichuna vidole ubavuni kila nikivuta. Refu maana yake haliingii kwenye mfuko wowote. Muuzaji akanionya, na safari hii aliongea na mimi: "Litakusumbua safarini."

Nikamwambia, "Safarini nitasumbuka mimi. Mtoni nitakuwa na mama yangu."

Nikalichukua. Nikarudi nalo kwenye basi watu wananitazama kama niliyebeba mkuki. Sikujali. Nyumbani nikalishonea mfuko kwa blanketi kuukuu. Sijui kama umewahi kuniona nikiwa na furaha ya namna ile, kaka. Hapa mtu hufika nyumbani kutoka kazini akafunga mlango, na furaha yake ni miguu kupumzika. Mimi wiki hizo nilikuwa naamka naligusa lile kasia kabla ya kuvaa viatu.

Nikakuandikia tena. Nilikuuliza kitu kimoja: ile njia ya kuteremkia mtoni, inayopita nyuma ya jiko la Mama, bado iko? Ukanijibu habari za mabati mapya, na trekta la kulima, na redio uliyonunua, na mwisho ukaweka, "Huku kila kitu kiko sawa."

Jumapili alikuja Ainea, yule kijana wa jirani yetu aliyeletwa huku majuzi na kiwanda cha sukari kusomea mitambo ya mvuke. Mama yake alimpa karanga za kuniletea. Nikampikia ugali wa unga wa huku, usioshikana, tukawa tunacheka. Kasia lilikuwa limeegemea ukutani. Akaniuliza ni nini kile. Nikamweleza yote, namna nitakavyouunga mtumbwi pale ukingoni, Mama nitamkalisha wapi, na ile fulana ya kuelea niliyomtafutia. Naongea, naongea, mpaka nikaona ameacha kula.

"Dada Nanjala," akasema, "huyo mama utamvusha aende kwa nani?"

Nilidhani sikusikia. Akarudia taratibu, kama mtu anayeomba msamaha. "Kwani hukuambiwa? Mama Felistas alishazikwa. Mvua za masika."

Nikamwuliza kama Mama alikwenda. Akaangalia mikono yake.

"Mto ulikuwa umefura. Na kuzunguka darajani ilitaka gari. Kaka yako alikuwa na lori la kukodi, lakini alisema miwa imeshakatwa, ikilala inakauka, na kiwanda kinapokea kesho yake tu. Alisema Mama ataenda matanga."

"Na matanga alienda?"

"Hapana, dada. Ilikuja zamu ya shamba lingine."

Akaniambia yaliyobaki nikiwa nimesimama. Kwamba siku ya mazishi Mama alipita katikati ya miwa yako peke yake, akakatwakatwa na majani mikono na uso, mpaka akafika majini. Kwamba alisimama pale tangu asubuhi, akisikia wanavyoimba na kulia ng'ambo. Walipoanza kutaja wafiwa aliitikia jina lake, kwa sauti, kutoka upande wetu. Watu wa kule walimsikia. Wengine waliteremka ukingoni kumpungia mikono. Ainea alikuwa amekwenda kukata kuni, ndiye aliyemtoa pale jioni.

Tena akaniambia jiko la Mama halipo. Kwamba nyumba yake ya mteremkoni uliibomoa mwaka jana ili miwa ifike mpaka majini, na sasa Mama anakaa chumba cha nyuma ya duka lako. "Jioni anaendanga mpaka mwisho wa barabara ya miwa," akasema, "anasimama tu, halafu anarudi. Hatuongei juu yake."

Kaka yangu. Sikulaumu kwa kupanda miwa. Nani huko kwetu hajapanda? Najua imekutoa mbali, najua watoto wanavaa viatu kwa ajili yake, na mimi mwenyewe ulinisindikiza umevaa shati ulilonunua kwa miwa ya kwanza. Wala sisemi ningekuwa mimi nisingetamani ule mteremko. Nakulaumu kwamba lori lilikuwapo. Lilikuwa limesimama nje ya nyumba yako. Ulikuwa na mama upande huu na miwa upande huu, ukachagua, halafu ukaketi ukaniandikia kwamba kila kitu kiko sawa.

Mimi kazi yangu hapa ni kuwashika mikono wazee wa watu wanapokata roho, ili wasiende peke yao. Watoto wao wananishukuru, wananiletea biskuti. Siku ile Mama akisimama majini, huenda nilikuwa nimeushika mkono wa bibi ya mtu nisiyemjua hata jina la kijiji chake. Na Mama Mkubwa, aliyenibeba mgongoni akinivusha mto huohuo, nilikuja kusikia kifo chake miezi mingi baadaye, chakula kikiwa mdomoni.

Nilikwenda kwa Mzee Walter nikamwambia. Hakunibembeleza, si tabia yake. Aliuliza tu, "Kasia tulirudishe? Watalipokea, halina mkwaruzo."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia Mama yangu bado hajafika msibani.

Basi sikiliza, na hili naliandika kwa utulivu. Likizo yangu haijabadilika. Nitafika mvua zikiwa zimekwisha na mto umerudi chini. Sitalala kwako, nitalala na Mama chumba hichohicho cha nyuma ya duka. Kabla sijafika, nataka ukate njia kwenye miwa yako, kutoka barabarani mpaka majini, pale palipokuwa jiko. Iwe pana ya kutosha Mama apite bila jani kumgusa. Usimtume kibarua. Ikate mwenyewe, kwa panga lako, na ukifika majini usimame kidogo usikilize, uone sauti ya ng'ambo inavyofika upande wetu.

Nitamvusha Mama. Nitampeleka kaburini kwa dada yake, akae atakavyo, alie atakavyo, kwa maana Ainea anasema hajalia mbele ya mtu mpaka leo. Usije ukaniambia utatufuata kwa gari kwa njia ya darajani. Siku ya mazishi ndiyo ilikuwa siku ya gari. Siku hiyo ya kwetu utabaki upande wa huku utungoje, na jua likituchwea kule, utuache tulale kule.

Usimlaumu Ainea. Nilimwuliza, akajibu. Ni zaidi ya ulivyofanya wewe.

Nisalimie wifi yangu, mwambie sina kinyongo naye, najua amri haikuwa yake. Wasalimie watoto, shangazi yao anawaletea masweta. Mfikishie salamu mjomba mwenye kinu cha mahindi, na yule bibi wa kwaya aliyenifundisha kusoma. Ukipata mtu wa kwenda ng'ambo, watoto wa Mama Mkubwa wapewe pole zangu, waambiwe nimechelewa kwa sababu sikujua.

Mama usimsomee barua hii. Mwambie nakuja.

Ni mimi dada yako,
Nanjala