Jina Nililoliandika Chini ya Insha

Jumapili, Temeke. Mvua imekatika tangu adhuhuri, lakini paa bado linadondosha maji na uwanja wote ni matope. Nimeketi barazani na daftari hili, moyo mzito.

Nimemwibia baba yangu.

Wiki iliyopita Mwalimu Agnesi alitutaka tuandike historia ya ofisi moja ya serikali. Chini ya insha kila msichana ataje aliyemweleza, na kazi yake. Nilichagua Wizara ya Fedha na Uchumi, kwa sababu Baba ni tarishi pale tangu sijazaliwa. Kazi yake ni kupeleka mafaili kutoka mlango huu hadi ule.

Alinieleza jioni mbili mfululizo, huku akifuta matope kwenye baiskeli yake. Mwanzo ilikuwa Hazina peke yake: bwana mmoja, makarani wachache, na kasha la chuma. Baadaye wakaja watu wa uchumi, wakapewa vyumba vya mwisho wa ukumbi. Hao habari zao zilikuwa mkonge, pamba na kahawa.

"Watu wa uchumi wakiomba, watu wa fedha wakikataa," alisema. "Mie na Salum tukabeba kuomba na kukataa, miaka yote hiyo."

Salum alikuwa tarishi wa upande wa uchumi. Serikali ilipoamua kuziweka ofisi hizo chini ya waziri mmoja, mafundi walikuja wakatoboa ukuta uliozitenganisha, wakaweka mlango. Faili ambalo lilikuwa likizunguka ukumbi mzima sasa lilipita mlangoni kwa hatua tatu. Matarishi wawili wakaonekana wengi mno. Salum akaambiwa apumzike.

Niliandika yote, isipokuwa habari za ule ukuta na za Salum. Niliona hazifai kwenye historia.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kukusanya madaftari, Rehema ninayekaa naye dawati moja alichungulia langu. Mjomba wake ni karani bandarini.

"Kwani umeelezwa na nani? Baba yako? Tarishi atajua nini zaidi ya njia ya kuletea chai?"

Wenzetu walicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kisha nikaandika chini ya insha: Nimeelezwa na karani mkuu wa Wizara.

Karani huyo hayupo. Nilimtunga kwa mstari mmoja wa wino.

Mchana Mwalimu Agnesi aliisoma insha yangu mbele ya darasa zima. Alisifu pale pa kuomba na kukataa. Akanirudishia daftari, akasema itasomwa tena Siku ya Wazazi, Jumatano, na nimwalike huyo bwana karani akae mbele na wageni.

Nilipofika nyumbani Baba aliniuliza walionaje habari zake. Nikamwambia wamezipenda, na zitasomwa tena Siku ya Wazazi. Akatabasamu, akaenda kutafuta brashi ya vifungo vya sare yake. Ruhusa ya Jumatano amekwisha kuiomba kazini.

Mama akamtania: "Mume wangu yumo kwenye vitabu sasa. Kesho mchicha wangu hataugusa."

"Utie nazi nyingi tu," Baba akajibu, "nitajishusha."

Siku mbili nimesikia vifungo vile vikisuguliwa. Siwezi kukaa Jumatano nikitazama uso wake wakati cheo cha mtu asiyekuwapo kinasomwa.

Basi muda si mrefu uliopita nimemwendea. Sikuwa na ushujaa wa kusema lote. Nilisema tu, "Baba, chini ya insha panatakiwa jina lako kamili na kazi yako. Niliandika vibaya."

Hakuuliza niliandika nini. Alinitajia jina lake polepole, na la babu, kisha akasema, "Weka na la Salum, mwanangu. Habari za upande ule zote ni zake. Na umwalike, siku hizi yuko nyumbani tu."

Baba hakuhitaji hata dakika moja kumkumbuka mwenzake.

Nimemfuta karani. Nimeandika majina mawili, na baada ya kila jina neno tarishi, kwa herufi kubwa kiasi cha kusomeka kutoka nyuma ya darasa. Habari za ule ukuta na za Salum nimezirudisha mahali pake.

Asubuhi nitamngoja Mwalimu Agnesi mlangoni kabla ya kengele, na Rehema akiwapo na awepo. Nikirudi, nitamweleza Baba lililobaki.