Msimamizi wa Zamu Asiyejulikana Zegereni

Kwako Idrisa, uliyekuwa mchumba wangu,

Nimekaa wiki tatu bila kukuandikia kwa sababu hasira ilikuwa inanitangulia. Bado ninayo, ila sasa naweza kuipanga mstari kwa mstari, kama ninavyoandika kwenye shajara yangu.

Ulipoanza kucheza gemu mubashara mtandaoni, chumba chako cha Kibaha kilikuwa na kiti kimoja. Uliegemeza godoro ukutani kuzuia mwangwi, ukakaa mbele ya skrini ukitangaza mpira wa kwenye gemu kama mtu aliye uwanjani. Mimi nilikuwa Kisarawe, dukani ninakofanya kazi ya kuchapa, simu mkononi, nikifuta matusi kwenye komenti zako. Kila siku saa tisa alasiri, kwa miaka miwili. Siku uliyofungwa mabao sita ulicheka hadi watazamaji wakasahau kukuzomea. Mmoja akakuuliza kazi yako hasa ni ipi. Ukamjibu, "Hii hapa, kaka. Unaiangalia." Niliandika jioni ile kwamba nimempata mtu anayesimama na kazi yake.

Nyumbani nilikutetea. Baba sikumwambia, unajua kwetu binti hazungumzii mchumba na baba yake, hupitia kwa shangazi. Shangazi aliniuliza kama utanilisha vitufe vya gemu. Nikamweleza taratibu watazamaji wanatoka wapi na matangazo yanaingiaje. Alielewa nusu, lakini aliacha kunitania.

Kisha mshenga wako akaleta barua ya posa. Baba aliisoma sebuleni mbele ya ndugu: kijana ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mabomba, Zegereni. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikadhani wamekosea barua. Shangazi akanifuata kule nyuma, akanong'ona, "Mbona wewe uliniambia mengine? Kati yenu nani mwongo?"

Barua ya posa haijibiwi siku hiyo hiyo. Kwanza mtu hutumwa kuulizia. Baba mdogo alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda hadi kwenye geti la kiwanda hicho na kutaja jina lako. Mlinzi akamwambia, "Mzee, wasimamizi wa zamu hapa ni wawili, na wote ni akina mama." Baba mdogo aliisimulia habari hiyo mara tatu na watu wakacheka, mimi nikiwapakulia wali.

Baba hakucheka. Aliniita, akanikabidhi barua yako. "Nilipomposa mama yako nilikuwa nachoma mkaa kule Marui," alisema. "Mshenga wangu alisema nachoma mkaa."

Nilipokupigia simu ukaniambia wazee hawaelewi mambo ya gemu, ndiyo maana uliwarahisishia. Nani alikuambia hawaelewi? Uliwauliza lini? Unawaambia ukweli mamia ya watu usiowajua, halafu sebule moja ya Kisarawe inakushinda. Na mimi niliyekusemea kwa shangazi yangu, uliniacha nionekane nimetunga.

Juzi nilivunja desturi. Nilikaa na baba barazani, nikamfungulia chaneli yako. Aliangalia mchezo mzima. Alitaka kujua kwa nini beki wako hakurudi kulinda. Mwisho akasema, "Anaongea vizuri huyu. Sasa kiwanda alikileta cha nini?" Swali hilo ni lako, Idrisa.

Na jana uliniandikia kwamba binamu yako amekupatia kitambulisho cha kughushi cha kiwandani, chenye picha yako, na Jumamosi mshenga anarudi. Yaani hukuona kosa lako ni uongo. Uliona kosa ni kwamba uongo haukuwa na picha.

Usimtume. Baba alikuwa tayari kumpokea mcheza gemu. Mimi ndiye ninayekataa, na nimekataa kwa kinywa changu mbele yake. Shangazi nimemwambia Jumamosi asipike cha wageni.

Ubaki salama huko Kibaha.

Aliyekuwa mchumba wako