Aliyeshambulia Kiwanda cha Buti Kapatikana

Deme acha kila kitu usome. Yule aliyeshambulia kiwanda cha buti za jeshi Temeke mwaka 79 kapatikana. NI BIBI YANGU!!

Bibi Anjelina. Huyu huyu anayekimbiaga kuku 😂

Si unajua babu alikuwaga mlinzi pale? Vita vya Kagera vimepamba moto, madirisha ya kiwanda yakapopolewa mawe. Mtaa mzima ukasema ni majasusi wa Nduli. Babu akawekwa ndani wiki nzima, eti kawafungulia geti.

Leo tunakula, bibi kaangua kicheko. "Ni mie. Balozi wa nyumba kumi alisema taa zote zizimwe, ndege za adui zisituone. Kiwandani zinawaka tu. Nimeita weee, hawasikii. Nikazizima kwa mawe."

KWA MAWE, Deme.

Kumbe ndiyo maana alimpelekea babu chakula mahabusu kila siku. Dhamiri ilikuwa inamsuta! Sie miaka yote tunaambiwa ni mapenzi.

Nikamgeukia babu, "Umesikia lakini?"

Babu hata kijiko hajaweka chini. "Nilimwona akirusha. Nilitaka kumtaja, akaja na wali wa nazi."