Nimebandua alama ya hatari, na baba mkwe anakuja Jumamosi

Mpendwa Shangazi Bernadeta, shikamoo. Naomba msaada wako maana hili siwezi kumwambia mke wangu wala fundi mwenzangu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Buzuruga, mwezi uliopita tuliitwa vibarua kubomoa mitambo ya kiwanda kimoja cha zamani njia ya Usagara, nikakuta kwenye bomba kubwa kuna kidude cha chuma, ukubwa wake kama ndoo ndogo lakini kizito ajabu, nikajua tu ndani kuna risasi, yale madini wavuvi wanayoyeyusha kutengeneza vizito vya nyavu, nikafungua boliti, nikakifunika gunia nikaondoka nacho bila kumwambia msimamizi, na kibandiko chake cha njano chenye alama nyeusi kama mapanga ya feni nikakibandua nikakitupa ili mtu asijue kimetoka wapi.

Sababu ni baba mkwe, Mzee Odoyo, mvuvi wa Kijaluo wa Rorya. Tangu nimuoe Akelo, miaka saba sasa, mzee hajawahi kuniomba hata kiberiti, mimi kwake ni yule Msukuma tu, lakini juzi kati kapata nyavu mpya akanipigia mwenyewe, akaniita mwanangu, akauliza kama naweza kumpatia risasi, nikasema ipo baba, njoo Jumamosi tuyeyushe.

Basi wiki hii mwanangu kaanguka, nikampeleka kupiga picha ya mkono, mlangoni kwa chumba cha eksirei nikaiona alama ile ile! Nikamuuliza mhudumu, akasema ni mionzi, haionekani, hainuki, lakini inaua. Kidude kiko chini ya kitanda wanacholala wanangu wawili, na nilishaanza kukikata kwa grainda, nikaacha kwa sababu jiwe la kukatia liliisha. Nikiripoti nitaitwa mwizi, na baba mkwe nitamwambia nini? Nawaza nikakizamishe ziwani kimyakimya yaishe. Namba yangu na mahali ilipo karakana nimeandika nyuma ya bahasha.

Machibya, Buzuruga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Machibya. Kutamani kuitwa mwanangu baada ya miaka saba nakuelewa, hata mimi nimeolewa kwa watu wagumu. Lakini kubandua alama ya hatari halafu kitu chenyewe ukalaze nacho watoto! Akili uliiacha wapi?

Ziwani usithubutu. Maji hayo ndiyo Mwanza nzima tunayokunywa na kupikia. Na usikitupe jalalani, atakiokota mwingine ambaye hana hata kibandiko cha kumwonya, na hiyo ni kazi ya mikono yako.

Nimemuuliza mtaalamu. Anasema hiyo risasi unayoitaka ndiyo ukuta, kinachoua kimefungwa ndani yake. Ukiyeyusha ukuta umekifungulia mlango. Kwa hiyo usikikate, usikigonge, usikibebe tena. Watoto watoke chumba hicho sasa hivi, funga mlango, asiingie mtu. Akelo umwambie leo, na wote mkapimwe, mkamweleze daktari kila kitu.

Sasa nisikilize vizuri. Barua yako nimeifungua Jumatano mchana, na gazeti linatoka Alhamisi. Nimekupigia mara nne, simu imezimwa. Majina nimeyabadilisha hapa, lakini siri yako nimeivunja. Miaka kumi na sita natunza siri za wasomaji, hii imenishinda. Polisi na Tume ya Nguvu za Atomiki wanayo namba yako na karakana yako, na pengine wameshakufikia kabla ya gazeti hili. Nichukie ukitaka.

Wakija usikimbie. Waonyeshe kilipo, ulipokata, waliokigusa, na bomba ulikokitoa, maana huenda kuna vingine. Wizi utaujibu, na mimi nitakuja kituoni kusimama nawe.

Baba mkwe mpigie kabla hajapanda basi. Mwambie, "Baba, niliiba, na nilichokuahidi kinaua." Akikasirika, mwache akasirike. Atakuwa mzima, na wajukuu wake pia.