Kijana Uliyemsikiliza Miaka Miwili

Baba,

Jumanne iliyopita nimesema uongo kwa Kiingereza, na nimeusema vizuri, bila ya kigugumizi. Unanijua mie mbele ya watu. Mwalimu akiniuliza kitu darasani, jibu nnalo na nalimeza. Lakini uongo ule ulitoka kama nimeufanyia mazoezi. Nnakwandikia ili uusikie kwangu mwenyewe, ijapokuwa sijui huko uliko khabari zinafikaje.

Leo siku ya hamsini na mbili tangu ututoke. Mama yumo edani. Asubuhi anasoma, mchana anatoa nguo zako zote kabatini, anazikunja upya, anazirudisha pale pale. Ile kanzu ya kijivu kamkataza Dada Neema kuifua. Dada Neema naye, aliyekuja kwetu kwa kazi za ndani, keshakuwa ndiye mwenye nyumba: anapokea wageni, anajua nani kaleta bakuli gani na nani karejeshewa. Juzi kaniambia, "Wewe Zuwena, usipokula nakupeleka Singida ukachunge mbuzi wa mama yangu. Huko utanenepa upende usipende." Nikacheka. Halafu nikaona vibaya kwamba nimecheka.

Nataka kukwambia khabari ya yule kijana.

Usishtuke, hukuniambia wewe. Kazi yako uliishika amana, hata Mama hakujua. Mara moja tu, Ijumaa, tumekaa kwenye pilau, mie nikakuuliza kazi hii mpya ni ya nani hata ikawa haikwishi. Ukaonyesha sinia. Ukasema, "Mapolisi wa Ulaya na mapolisi wa Marekani wanakula sinia moja. Mtu anayetaka kuripua wenziwe hajui mpaka, basi na wao wamekubaliana wasaidiane. Lakini kila mtu ale upande wake. Ukitaka nyama iliyo upande wa mwenzio, unaomba, na yeye anakuuliza kwanza utaifanya nini." Mama akakwambia, "Na wewe humo umo wapi, bwana?" Ukamjibu, "Mie nachambua mifupa, asije mtu akakwamwa."

Tulicheka, ukafunga mlango wa maneno hayo.

Mengine nimeyajua baadaye, kwenye barua walizotuandikia. Kwamba wale wa Ulaya walirikodi simu za kundi moja, watu wanaosema Kiswahili chetu hiki cha nyumbani, kinachogeuka Kiarabu cha Oman katikati ya sentensi na kurudi tena. Kwamba hawakumpata mtu wa kukifuata mpaka walipokufikia wewe, kwenye ofisi yenu ya tafsiri, ghorofani Azaiba, hapa Muscat, juu ya duka la mapazia. Kwamba Marekani wameomba mmoja wao, kijana, apelekwe huko akahukumiwe, maana shari yenyewe ilikuwa ifanywe kwao. Na kwamba hakimu wa Ulaya kasema hamtoi mtu mpaka asome simu zake zote, si zile tu zinazomtia hatiani.

Lakini wakati ule mie nilijua kitu kimoja tu. Kuna mtu ndani ya hedfoni zako.

Miaka miwili, Baba. Basi la skuli linaniteremsha pale, napanda ngazi, nakaa nyuma ya kabati la mafaili nafanya homuweki mpaka wakati wa kurudi nyumbani Ghubra. Wewe umeinama, penseli mkononi, hedfoni masikioni. Siku nyingine nilikuwa na kitu cha kukwambia. Mie! Mie niliye na neno moja kwa wiki. Nakuja mpaka mezani pako, nafungua mdomo, unanyanyua kidole. Subiri. Nasubiri. Neno linapoa, narudi kwenye hesabu zangu.

Ile siku niliyopata daraja ya kwanza kwa Kiarabu nilisubiri mpaka nikaona haya kusimama pale. Na wewe ukasema, kwa sauti, si kwangu, "Usiseme, mwanangu. Usiseme hivo kwenye simu."

Mwanangu.

Niligeuka nikaenda zangu msalani nikafungulia maji. Unajua hata nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza: huyu kafanya nini mpaka akasikilizwa hivi? Mie sijafanya ubaya wowote, na sisikilizwi. Pengine ndiyo sababu. Nilimchukia, Baba. Nilimchukia kabla ya kujua kwamba wako watu duniani wenye haki zaidi ya kumchukia.

Ulipoanguka kwenye ngazi zile baada ya Asri, ofisi waliirudisha kompyuta kwa wenyewe, na sisi wakatuletea katoni: kofia yako, kikombe chako cha chai ya karaki, na madaftari matatu. Mama hakuweza kuyatazama. Mie niliyachukua chumbani, nikajifungia.

Ulikuwa na kawaida yako ya kazi ambayo sijui kama kuna mtu mwingine anayo. Hupigi chapa hata mstari mmoja kabla ya kumsikiliza mtu simu yake mwanzo mpaka mwisho. Kwanza unaandika kwa penseli, Kiswahili kwa khati za Kiarabu, kama bibi yako alivyokuwa akiandika barua zake Unguja. Khati hizo ndizo ulizonifunza mie nilipokuwa na miaka minane, kwa orodha za dukani. Ndimu. Kitunguu maji. Mchele, na usisahau chenji. Skuli wananifunza Kiarabu, wananifunza Kiingereza. Kiswahili cha khati nimekipata kwako peke yako. Nilikuwa najiona mimi na wewe tuna nyumba ndogo ambayo watu wengine hawana ufunguo wake.

Kumbe mle ndani umemweka yeye.

Nimeyasoma yote matatu. Jina lake hukuliandika popote, umeandika "kijana". Kijana leo anakohoa, hana mtu wa kumchemshia tangawizi. Kijana anajidai, lakini sauti inatetemeka. Kijana kacheka, mara ya kwanza tangu Ramadhani. Ukurasa baada ya ukurasa. Pale alipopanga maovu pia umeandika, hukumfichia, umepigia mstari mara mbili. Lakini hata mstari wenyewe umeupiga kama baba.

Nililitafuta jina langu. Nakiri. Nilipitisha kidole kila mstari kama ninayetafuta jina langu kwenye matokeo ya mtihani. Limo mara moja. "Zuwena, miwani, saa kumi." Na hiyo miwani Mama ndiye aliyenipeleka kuichukua.

Daftari la tatu, kurasa za mwisho, simu tatu ambazo hukuwahi kuzipiga chapa. Kijana anawaambia wale wakubwa wake kwamba amejitoa. Anawaambia wasimpigie tena. Wanamtukana, wanamwita mwanamke, na yeye anasema, "Niiteni mnavyotaka, lakini mkifanya, mimi nawasema." Chini yake umeandika: "Hii lazima waisikie wote wawili, wa Ulaya na wa Marekani. Kesho naanza kupiga chapa."

Kesho yenyewe ndiyo tuliyokuzika.

Sasa uongo wangu. Yule bibi wa ofisi ya mashitaka ya Ulaya, uliyekuwa ukimwandikia, aliuliza kama umeacha maandishi yoyote, akaomba picha ya ukurasa mmoja. Mama Kiingereza hana, na kutoka hatoki, basi mambo yote yakawa juu yangu. Nikapiga picha, nikapeleka. Ikawa kizaazaa. Mtaalamu wao wa Kiarabu akasema hiki si Kiarabu, hakina maana. Mtaalamu wao wa Kiswahili akasema herufi hizi hazijui. Yule afisa wa Marekani akauliza, kwa adabu tu, kama yale ni maandishi ya siri. Nilipomsomea Dada Neema barua ile alikaa chini na mwiko wake. "Siri! Baba yenu anaandika vitunguu, wenzake wanaona siri! Makubwa haya." Akamwita na yule jirani wa Kiganda dirishani amhadithie.

Jumanne wakapiga simu ya video. Yule bibi upande mmoja, afisa upande wa pili na kahawa yake, kwao ndiyo kwanza kumekucha. Bibi akanipa pole, pole ya kweli, macho yake yalikuwa mekundu. Akanieleza kwamba hakimu anakaa Alkhamisi. Kwamba mkalimani mpya inabidi aanze simu mamia toka ya kwanza ili azijue sauti za watu, na siku hazitoshi, na kile kilichokwisha kupigwa chapa chote kinamwelemea kijana. Kisha akaniuliza taratibu, "Wewe unaweza kuyasoma haya?"

Nikasema, "Hapana. Sijui khati hizi. Baba alikuwa akijiandikia mwenyewe."

Hivo tu. Akanishukuru.

Nilifunga kompyuta nikahisi raha, Baba. Sikufichi. Raha ya robo saa hivi. Nilisema moyoni, sasa na yeye asubiri. Na aende huko ng'ambo akasikilizwe na wengine.

Kesho yake asubuhi alikuja Bwana wa nyumba ya pili kuuliza, kwa haya nyingi, kuhusu drili yake aliyokuazima kabla ya Idi. Mama, uliyemjua wewe, akasimama nyuma ya pazia akamjibu drili itapatikana, kisha akatugeukia sisi. "Itafutwe! Baba yenu hatolala na drili ya watu." Dada Neema akamwambia, "Mama, mtu mwenyewe kasema hana haraka." "Yeye hana haraka. Aliye kaburini anayo." Tukapindua nyumba. Tulitoa mito ya makochi, tukashusha masanduku ya juu ya kabati, Dada Neema akaingia mpaka chini ya gari akatoka na vumbi la kichwa kizima akisema, "Marehemu nilimpenda, lakini hii drili kaificha kusudi." Nimeipata mie, ndani ya mkoba wako wa kazi. Mama alipoiona akaipokea kwa mikono miwili, akaanza kulia. Ndiyo kwanza alie mbele yetu. Akasema, "Alhamdulillahi. Kingine kipo? Semeni. Chochote cha mtu kilichobaki kwake, semeni sasa hivi."

Dada Neema akasema hakuna.

Mie nikasema kipo.

Nilimweleza yote, hata wivu. Nilidhani atanipiga kofi. Akaweka drili chini, akasema, "Na mimi nilimwonea wivu mtu huyo. Nilidhani ni mwanamke." Halafu akanisukuma bega. "Nenda. Osha uso kwanza."

Niliandika barua nzima kukiri, nikafuta, nikaandika mstari mmoja: nilisema uongo, naweza kuyasoma, nnaomba radhi. Alasiri wakapiga. Walikuwa wanne safari hii: bibi, afisa wa Marekani, wakili wa kijana, na mkalimani wao wa Kiswahili, Mkenya. Wakapatana hivi: mie nisome kwa Kiswahili, neno kwa neno, nisieleze kitu, Mkenya aandike, halafu wakazitafute simu zenyewe walinganishe. Yule Mkenya akaniambia, "Pole na msiba, dada yangu. Soma polepole, hatukimbizwi na mtu."

Daftari nikaliweka mezani. Mstari wa kwanza niliunong'ona. Bibi akasogea karibu na kamera. Nikaanza tena. Nilisoma dakika arubaini, Baba. Tangazo la asubuhi skuli ni dakika mbili na nilijifanya mgonjwa nisilisome. Nilipofika pale wanapomwita mwanamke, nikasikia nakasirika kwa niaba yake. Nikajikasirikia kwa kukasirika huko. Yule afisa wa Marekani alikuwa akiandika bila ya kuinua kichwa, na mwisho akauliza swali moja tu: tarehe umeandika juu ya ukurasa au chini? Juu, nikamwambia. Daima anaandika juu. Kisha nikaona nimesema "anaandika", nikalifunga daftari.

Alkhamisi hakimu kaakhirisha. Simu zile tatu zitasikilizwa na pande zote mbili kabla ya neno lolote. Bibi kaniandikia hayo na zaidi hakusema, wala mie sikuuliza. Huenda kijana akapelekwa vile vile. Yale mengine aliyoyafanya nayo yamo madaftarini mwako, na hayo pia nitayasoma wakitaka. Sitoruka mstari. Madaftari yenyewe yataondoka keshokutwa, watu wa ubalozi mmoja watakuja kuyachukua mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na Dada Neema kasema atanisindikiza na kwamba atavaa viatu vyake vya kanisani.

Usidhani nimekuwa malaika. Wivu ninao, nimeamka nao leo. Yeye umemjua kikohozi chake. Mie hujui kwamba nacheka kwa pua, Dada Neema ndiye aliyegundua. Nimekukasirikia sana wiki hizi, nakwambia wazi, maana nikikuficha na hili nitazoea.

Lakini jana, nakunja mkeka wa sala, nikafikiri jambo. Yule kijana akiachiwa, au akifungwa miaka yote iliyobaki, hatojua kwamba ulikuwepo. Hakuna atakayemwambia kuna mtu Muscat alimhesabia pumzi zake. Hajapata kusikia unavyosafisha koo kabla ya bismillahi. Kidole kile cha "subiri" hajanyanyuliwa hata mara moja.

Jina lake lilimponyoka wakili kwenye simu. Dakika moja tu mtandaoni nitauona na uso wake. Nakuahidi sitolitafuta, wala sitolisema kwa mtu. Amana yako nimeipokea.

Mungu akulaze pema, Baba. Kapumzishe masikio.

Mwanao,
Zuwena